Matunguu ya Mwalimu Silvère

Huko Rwezamenyo, Vestine mshonaji alipakana ua na mwalimu Silvère, kapera mwenye maneno machache. Kila mvua zilipoanza, Jumapili mwalimu alipanda kilima cha Kagugu kutazama matunguu ya porini, mimea inayolala ardhini kama vitunguu kiangazi kizima, kisha ikachomoza ua jekundu la duara kabla hata ya jani. Mengine aliyachimba akayapanda nyumbani kwenye makopo ya maziwa. Alimfundisha na Vestine: shingo ibaki nje ya udongo, maji kidogo, yasije yakaoza.

Oktoba 1990 vita vilizuka kaskazini na mji ukajaa minong'ono kwamba waasi wana wenzao wanaowafichia silaha. Konseye, yaani kiongozi wa mtaa, alipita kuchukua suruali yake, akauliza kama mtu anayepiga soga tu, "Jirani yako huyu, Jumapili huenda wapi?"

Konseye alikuwa mteja mkubwa, na Vestine alipenda kumfurahisha. "Kagugu," akasema huku akicheka. "Anachimbachimba, anafukia vitu vyake huko."

Ulimi hauna mfupa. Alfajiri iliyofuata askari walimchukua mwalimu. Waliyamwaga makopo yote uani wakitafuta risasi. Vestine alisikia kila kopo likianguka, wala hakufungua mlango.

Walipoondoka, aliyaokota matunguu akayapanda kwake. Akawa anayamwagilia asubuhi, akirudi jioni kuyamwagilia tena.

"Mama, Mwalimu alisema maji kidogo," binti yake Annick alimkumbusha.

"Nyamaza."

Hakuweza kuuzuia mkono. Siku moja alivuta jani, likatoka mkononi limeoza na kunuka. Zaidi ya nusu yalikufa hivyo. Aliketi pale kwenye matope akalia.

Aprili iliyofuata, mvua zikinyesha, Silvère aliachiliwa. Alirudi amekonda, vidole viwili havikunjiki. Alipoona maua mekundu uani kwa jirani, machozi yalimlengalenga.

"Umeyatunza. Mungu akulipe, Mama Annick."

Angeweza kuitikia amina, mambo yakaishia hapo.

"Usiniombee, Mwalimu. Konseye aliniuliza, nami nikamwambia unafukia vitu Kagugu."

"Kumbe," Silvère akasema. "Kila waliponipiga waliniuliza nimefukia nini. Nilishindwa kuelewa neno hilo limetoka wapi."

"Nisamehe."

Silvère aliinama, akaanza kuyang'oa matunguu yaliyosalia kwa vidole vyake vibovu. Vestine aliposogea kumsaidia, mwalimu alitikisa kichwa. Aliyabeba machache machache hadi kwake, na safari zote hizo Vestine alisimama pale pale, mikono ikining'inia.

Baada ya hapo Silvère aliziitikia salamu za Vestine, kwa adabu kama zamani. Ila mvua zilizofuata hakwenda tena Kagugu. Jumapili alishinda kizingitini kwake amejikunyata, na Vestine akaigeuza cherehani yake ielekee ukutani, asiwe anamwona.