Mshale Uliopita Gunia

Mshale wa saba ndio uliomponza Shamsudin. Ile sita ya mwanzo ilikuwa imezama vizuri kwenye gunia la matambara alilolifunga mtini, hatua thelathini kutoka aliposimama, na kwa mara ya kwanza tangu anunue upinde ule alijiona kuwa na yeye anaweza. Wa saba akauvuta kwa mbwembwe. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu ya mlima, vidole vilikuwa na unyevu, uzi ukamponyoka kabla hajawa tayari. Mshale ukapita juu ya gunia na kupotelea kwenye vichaka vya nyuma.

Mara akasikia yowe la mwanamke. Moja tu. Halafu kimya.

Shamsudin alikuwa muuza magodoro wa Mwanjelwa, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mpole, anayejulikana mtaa mzima kwa kupenda utani. Upinde aliuanza baada ya daktari kumwambia atafute mazoezi. Wenzake walikimbia barabarani alfajiri. Yeye aliona video za watu wanaorusha mishale, akaagiza upinde Dar es Salaam, na kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri akawa anapanda pikipiki yake kwenda kwenye msitu mmoja wa kijiji, mlimani juu ya mji. Mkewe Naima hakulipenda jambo hilo tangu mwanzo.

"Baba Jaha, umemuuliza mtu lakini?" alimwambia siku moja.

"Nimuulize nani? Kurusha mishale ni sunna."

"Sunna sawa. Ila ule msitu una wenyewe."

Alicheka tu. Penye njia ya kuingilia msituni palikuwa na kibao cha bati, rangi imeanza kubabuka: msitu wa hifadhi wa kijiji, marufuku kukata miti, kuchoma mkaa, kuwinda, kuingia na silaha bila kibali. Alikisoma kila Jumamosi. Silaha, kwake yeye, ilikuwa bunduki. Na hakuwa akiwinda. Alikuwa akilenga gunia.

Sasa alisimama na upinde mkononi, akisubiri asikie tena ile sauti ili ajue ni ya mtu anayelia au anayetukana. Angetukanwa angeshukuru. Hakusikia kitu isipokuwa matone yakidondoka kutoka kwenye majani.

"Mama!" akaita. "Dada! Samahani! Umeumia?"

Kimya.

Akaenda. Miguu haikutaka, lakini akaenda, akipasua vichaka kwa mikono, akilipita lile gunia. Nyuma kidogo palikuwa na kijinjia chembamba ambacho hakuwahi kukiona kwa miezi yote ile. Juu yake kulikuwa na kikapu kimepinduka. Uyoga ulikuwa umetapakaa kila mahali, mwingine umekanyagwa. Kandambili moja ya bluu. Na kwenye jani pana la mgomba-mwitu, tone la damu, halafu jingine chini yake, bado linang'aa.

Mshale wenyewe haukuwepo, na hilo ndilo lililomtisha kuliko damu. Kama haukuwa chini, wala mtini, basi ulikuwa ndani ya mtu.

Akaita tena, mpaka sauti ikakwaruza. "Mama, mimi si mtu mbaya! Niambie uko wapi nikusaidie!" Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miti ya karibu tu ilikuwa imegeuka vivuli. Kila kisiki alikiona mtu amelala. Alifuata matone, moja, mawili, kisha yakaishia kwenye nyasi zilizolowa asione kitu.

Ndipo alipoanza kufikiri mambo ya aibu. Pikipiki ilikuwa bondeni, mwendo wa dakika kumi. Hakuna aliyemjua kule kwa jina. Upinde angeutupa korongoni, angeosha mikono, saa kumi angekuwa dukani akipanga magodoro. Aligeuka kweli. Alishuka hatua ishirini, thelathini, akikimbia sasa, mfuko wa mishale ukimpiga mgongoni. Kisha akaiona akilini ile kandambili moja. Mtu aliyeacha kandambili alikuwa akikimbia, na mtu anayekimbia na mshale mwilini hafiki mbali. Akimwacha, nani mwingine angejua pa kumtafutia?

Akasimama, akilia bila kujijua. Hapohapo filimbi ikalia chini yake, karibu sana.

Walitokea watatu kwenye ukungu: mwanamke mnene aliyevaa mabuti ya mvua na koti la kijani, na wanaume wawili wenye mapanga. Walikuwa doria ya kamati ya maliasili ya kijiji, na yule mama, Evarista, ndiye aliyekuwa kiongozi wao.

"Weka chini hicho!" akasema Evarista. "Chini! Na wewe mwenyewe, piga magoti!"

Shamsudin akaweka upinde, akapiga magoti kwenye matope. Mmoja wa wanaume akamwekea panga begani, ubapa wake wa baridi ukigusa shingo.

"Jangili," akasema yule mwanamume. "Tumekuwa tunatafuta wanaomaliza mbawala zetu, kumbe ndo wewe."

"Si jangili, kaka yangu. Nafanya mazoezi tu. Lakini... kuna mtu nimempiga. Nadhani nimempiga mtu."

Panga likatulia. Evarista akainama akamtazama usoni.

"Mtu gani?"

"Sijui. Mwanamke. Alikuwa anachuma uyoga."

"Ni yule mama, Tumpe," Evarista akasema taratibu, na rangi yake ikabadilika. "Tumpe alipanda saa saba."

Yule mwenye panga akapumua kwa nguvu. Shamsudin alijua kabisa kwamba kama Evarista asingekuwepo, maisha yake yangeishia pale, kwenye matope yale, na watu wangesema amestahili. Akafumba macho.

"Ezekia, ondoa panga," Evarista akasema. "Wewe baba, simama utuonyeshe. Ukikimbia, siwazuii hawa."

Akawaongoza hadi kwenye kikapu. Wakatawanyika, Evarista akiita kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kubembeleza. Mara ya nne akajibiwa. Sauti ilitoka chini kabisa, kwenye mfereji wa zamani uliozibwa na magugu.

Tumpe alikuwa mzima. Alikuwa amejikunja kwenye maji yanayomfika magotini, mwanamke mwembamba wa makamo, ameuma upindo wa khanga ili meno yasigongane. Mshale ulikuwa umepasua nyama ya mkono wa kushoto juu ya kiwiko na kunasa kwenye sweta, nao ulikuwa bado unaning'inia pale, manyoya yake ya njano yakicheza kila alipotetemeka. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kwa kuanguka.

"Alhamdulillahi," Shamsudin akasema, akapiga hatua mbele amsaidie.

Tumpe akapiga yowe lile lile. Akajirudisha nyuma hadi mgongo ukagonga udongo. "Huyo! Ni huyo! Msimwache aje!"

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nakuita..."

"Nilikusikia!" Alikuwa akimtazama Evarista, si yeye. "Alikuwa ananiita, ananiita. Ananiambia nimwonyeshe niliko. Nikajua ananitafuta animalizie. Nikaingia kwenye maji, nikaziba mdomo."

Shamsudin akarudi nyuma. Kila alivyoita kwa huruma, kumbe mwenzake alikuwa akizidi kuzama majini.

Walimbeba Tumpe kwa zamu hadi ofisi ya kijiji. Mtendaji, kijana aliyeitwa Brayson, alimwita polisi wa kata kwa simu, Tumpe akaandikiwa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, na kupelekwa hospitali. Nje watu walizidi kujaa. Shamsudin aliwekwa kwenye benchi ndani, dirisha likafungwa, na kupitia mbao alisikia maneno: wamtoe, wamtoe tumwone.

"Mimi sikujua kama upinde ni silaha," alimwambia Brayson. "Mishale yenyewe ni ya mazoezi."

"Mzee, sheria haiangalii unauita nini," Brayson akajibu, akiandika. "Umeingia nao kwenye hifadhi bila kibali. Hatukuulizi umeua mnyama gani, tunakuuliza nani alikuruhusu. Ungekuja hapa hapa ofisini siku ya kwanza, tungekwambia: kile kijinjia ndo wanachopita kina mama wote wa kitongoji cha juu. Ungejua hata pa kusimama. Kile kibao hukukiona?"

"Nilikiona."

Brayson akaliandika na hilo.

Askari walimtoa kwa mlango wa nyuma. Alishtakiwa kwa mambo mawili, kuingia hifadhini na silaha bila kibali na kumjeruhi mtu kwa uzembe, na kwa miezi mitatu ya kwenda na kurudi mahakamani alilala akiliona geti la gereza. Hakukana hata moja. Hakimu alizingatia kwamba hakukimbia. Shamsudin alipolisikia hilo aliinamisha kichwa, maana yeye alijua zile hatua thelathini. Akapewa adhabu ya nje: miezi sita ya kutumikia jamii, akifagia na kufyeka kwenye zahanati ya kijiji kile kile. Upinde ulitaifishwa.

Wiki ya pili ya adhabu, Naima alifuatana naye, wakapanda hadi kitongoji cha juu kumwomba Tumpe radhi. Walimkuta mlangoni akichambua maharage kwa mkono mmoja. Alipomwona Shamsudin, ungo ukamtoka, maharage yakamwagika. Alisimama akashika mwimo wa mlango.

"Mama Tumpe, shikamoo," Shamsudin akasema kutoka njiani, ingawa walikuwa karibu rika moja. "Nimekuja kukuomba..."

"Marahaba. Semea hapo hapo ulipo," Tumpe akasema. "Usisogee."

Akasemea pale pale, mikono imening'inia waziwazi ili aione. Tumpe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Naima peke yake aje amsaidie kuokota maharage. Shamsudin akabaki amesimama barabarani hadi walipomaliza.