Waifai Iliyofungiwa Kabatini

Bi Yasmini wa Ng'ambo, Tabora, mjane aliyeishia darasa la saba, alijiona bingwa wa usalama. Kisanduku cha waifai alikifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni, akakisomea dua, akakipulizia. Karatasi ya paswedi iliyobandikwa chini yake aliibandua, akaifunga kwenye pindo la khanga, na hata uani alikwenda nayo. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kupewa: Inamahoro, mpangaji wake, fundi cherehani kutoka Ulyankulu.

Alhamisi moja alasiri akina mama wa darsa wakajaa sebuleni. Bi Yasmini akaunganisha simu na televisheni, akafungua tovuti ya mawaidha. Mawaidha gani! Yakatokea mipira, noti zinanyesha, na msichana mwenye kinguo cha kubahatisha akiwaita waje kubeti.

"Subhanallah!" Bi Maua akaziba macho, vidole vimeachana. "Yasmini, kumbe na wewe unachezaga hii?"

Aibu ikamtoa jasho. Badala ya kuzima televisheni, akamgeukia Inamahoro aliyekuwa anashona barazani.

"Ni huyu! Paswedi anayo yeye peke yake. Kesho uhame!"

"Mama, mimi naangaliaga mishono tu."

"Mishono ya kubeti!"

Inamahoro akakunja kitambaa chake, akaingia ndani kufunga mizigo.

Asubuhi akaja Sadiki, fundi wa mitandao, mtoto wa kaka yake Bi Yasmini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Badilisha paswedi, mcheza kamari anaondoka leo."

Sadiki akanakili kutoka kwenye simu ya shangazi tarakimu za anwani ya nyumba ile mtandaoni, akaziandika kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe. Mwishoni mwake akaongeza kimkia kidogo cha herufi, kana kwamba anaomba picha tu. Mipangilio yote ya kile kisanduku ikafunguka.

"Umeingiaje? Kabati si limefungwa!"

"Wezi wa mtandaoni hawapitii kabatini, shangazi. Programu ya kisanduku hiki ina kasoro tangu kiwandani. Ni kama mlinzi wa geti. Ukisema unataka mipangilio, anakudai paswedi. Ukisema unakwenda kutazama picha tu, anakupisha, wala haangalii umeishia chumba gani. Kuna mtu huko mbali kaingia hivyo, kageuza njia. Wewe unaomba mawaidha, unapelekwa kwenye kubeti."

"Na Inamahoro?"

"Hahusiki. Huyo mtu hakuhitaji paswedi ya yeyote."

Bi Yasmini akajitazama na khanga yake: mlinzi hodari wa tundu la ufunguo, na nyumba haina ukuta wa nyuma.

Nje, bajaji ilikwisha kupakia cherehani. Akamwacha Sadiki akiweka programu mpya, akatoka mbio ambazo magoti yake hayakuziafiki, akajirusha kwenye kiti cha abiria.

"Mama, na wewe unahama?" dereva akauliza.

"Nyamaza wewe. Inamahoro, mwanangu, nimekusingizia. Nisamehe, urudi ndani."

Inamahoro akasimama na godoro kichwani. "Nimekusamehe, mama. Ila ulinisema mbele ya watu. Hapa tupo mimi, wewe na bajaji."

Bi Yasmini alikuwa ametumaini msamaha wa kimyakimya, usiofika kwa Maua. Akavuta pumzi, akasogea kumpa Inamahoro nafasi.

"Dereva, godoro lifunge juu. Tunaanzia kwa Bi Maua."

Bi Maua aliwapokea mlangoni kwake, sufuria mkononi, akashangaa mizigo.

"Maua, mcheza kamari si huyu," Bi Yasmini akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Mjinga ni mimi. Cheka haraka, nina nyumba nyingi za kupita."