Majani Chini ya Kioo

Hebu niambie wewe: mtu asiye ndugu yako wala daktari wako, akija kila wiki kukuuliza kifua chako kinaendeleaje, utamfikiria nini?

Mimi mwanzoni nilidhani ni adabu. Alikuwa kijana wa kampuni iliyonunua mashamba yote ya nyuma yetu ili ijenge nyumba za kuuza, zile zinazofanana kama mapacha, paa jekundu, geti moja, maua yamepandwa kwa kamba. Viatu vyake vyembamba mbele, na kabla ya kuingia kwangu alivifuta vumbi kwa karatasi laini, halafu karatasi yenyewe akairudisha mfukoni. Hilo nililipenda. Nikikohoa, "pole, bibi." Nikiinuka kitini, "pole, bibi." Nikisema mvua imechelewa, "pole." Jirani yangu, fundi cherehani, akambatiza Bwana Pole.

Hakuja mikono mitupu. Leo sukari, kesho sabuni ya mche, siku moja blanketi zito lenye maua ya zambarau. Lakini habari ya kununua kiwanja changu hakuitaja hata kwa bahati mbaya. Wenzangu wa upande wa nyuma waliombwa, wakabembelezwa, wakauza, wakahama. Mimi naletewa blanketi.

"Dada, penye urembo ndipo penye urimbo," jirani akaniambia, pini mdomoni.

"Labda ananionea huruma, mjane mimi."

"Huruma! Hata fisi alimfuata mtu njia nzima kwa huruma, akingoja mkono udondoke."

Nilicheka, ila neno lile nililala nalo. Nyumba ile tuliijenga na marehemu mume wangu, tukifyatua tofali wenyewe, na nilikwisha kuamua kwamba nitatoka humo nimebebwa. Basi nikaanza kumchungulia Bwana Pole. Akiaga, haendi getini moja kwa moja. Anazungukia nyuma ya choo, anasimama kwenye kona ya ua, anatazama huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa.

Na hakuwa peke yake. Kitindamimba wangu, fundi rangi, ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Kaka yake na dada yake wako mbali, huja kwenye msiba na kuondoka. Alipata kibarua hapo kwenye kampuni, kupaka kuta. Nikawa nawaona wawili hao wakinong'ona getini. Nikitokeza na fagio, utasikia, "Ile penati haikuwa halali." Na mwanangu tangu nimzae hajatazama mpira ukaisha.

Jioni moja tunakula, nikaona kucha zake zina kijani. Nyumba za kule zote nyeupe kama maziwa.

"Kijani hicho cha wapi?"

"Cha kazini."

"Siku hizi mnapaka nyumba kijani?"

"Mama, kula, chakula kinapoa." Mkono akauficha chini ya meza.

Sikumuuliza tena. Mimi maji hata yakikawia kuchemka, jiko silichochei ovyo.

Wiki iliyofuata kampuni ikafungua milango, watu waje waone. Jirani akafunga cherehani yake, tukaenda. Ofisi ina vigae vinavyoteleza, tukatembea kama kuku kwenye matope. Maua mezani nikayagusa: plastiki. Katikati kuna meza pana yenye kioo, na chini ya kioo mtaa mzima umetengenezwa mdogo mdogo: nyumba kama viberiti, magari kama maharage, watu wa waya. Wanunuzi wanaonyeshana kwa vidole, "Sisi hii, sisi ile."

Nikalitafuta tangi la maji. Lipo. Nikautafuta mfereji. Upo. Kati ya tangi na mfereji ndipo ninapolala mimi, na pale hapakuwa na nyumba. Palikuwa na majani ya kijani, kiti cha bustani, na mtoto wa waya kwenye bembea.

"Dada," jirani akasema taratibu, "wamekufyeka."

Bwana Pole akafika mbio, anatabasamu. "Bibi! Karibu! Kifua kinaendeleaje?"

"Kizima. Mimi niko wapi hapa?"

"Aa, hiyo ni picha ya mbeleni tu, bibi. Pole."

Nikarudi nyumbani. Mwanangu alikuwa uani, anaosha brashi kwa mafuta ya taa. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Yale majani umepaka wewe."

Brashi ikasimama. "Nilipewa kazi, Mama. Wakasema hapa ni bustani."

"Na ulijua hapa ni wapi."

"Nilijua."

"Umewauzia?"

"Sijauza! Nitauzaje chako? Niliwaambia tu... wasikusumbue. Wangoje."

"Wangoje nini?"

Akatazama ndani ya kopo.

"Ndiyo maana naulizwa kifua," nikasema. "Na wewe ukapewa nini?"

"Ahadi. Nyumba moja kule, ya mwisho mwisho, karibu na ukuta."

Nilitaka kumpiga na kigoda, nisikudanganye. Nikamtazama: mvi zimeanza kumchungulia masikioni, shati lina matone ya rangi za nyumba za watu. Hasira ikakaa chini kidogo.

"Hiyo ni ahadi yao. Mimi nakuuliza wewe unataka nini."

"Mama, tuyaache."

"Sina haraka. Nitakaa hapa hapa."

Akaiweka brashi. Akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, wala haikuwa na kitu.

"Kaka na dada wakija kuzika watagawana, waende zao. Mimi nitatoka hapa na ndoo ya rangi. Miaka yote nakungoja uwaite, uwaambie mbele yangu." Akalisukuma kopo kando. "Nilitaka useme kwamba hapa ni pangu."