Dari la Sabrina

Asubuhi ya Jumatatu, Oktoba 1994, lori lililotoka mpakani Kasumulu lilishusha bodi za jipsamu mbele ya nyumba ya Shabani, mtaa wa Bondeni. Bibie alizihamishia barazani mwenyewe, mojamoja, kama mumewe alivyoagiza. Zilikuwa za kupigia dari chumba alichokuwa akilala Bibie. Chumba hicho sasa alikuwa amepewa Sabrina, mke mdogo.

Paa la chumba lilikuwa la mteremko mmoja, limeinamia uani, na bati lilichoma tangu saa nne. Bibie aliishi na joto hilo tangu aolewe. Sabrina alisema hawezi kulala ndani ya tanuri. Basi fundi Andrea aliitwa kutoka Bujonde apige dari kufuata mteremko wa kenchi, na kati ya bodi na bati ajaze kitu cha kuzuia joto.

“Kwetu tunatia pumba za mpunga, mzee,” alisema Andrea. “Ila zinaita panya.”

“Panya hapana.” Shabani akanyoosha kidole kitandani. “Godoro la pamba lile pale. Pasueni.”

Lilikuwa godoro la Bibie. Baba yake alilishonesha Tanga, likaja naye siku ya ndoa. Sasa wazazi walikwisha kufa, nyumba yao ilikwisha kuuzwa, na nje ya Bondeni Bibie hakuwa na pa kwenda. Hilo ndilo alilolikumbuka kila alipotaka kufungua mdomo. Akachukua mkasi.

“Pole, dada,” alisema Sabrina, ameegemea mlango. “Langu la sponji, halina cha kuchomoa.”

Andrea alifunga madirisha na mlango, akatazama juu. Tundu la bati hutafutwa kwa nuru, na nuru haikupenya popote.

“Bati zima hili,” alisema.

Halikuwa zima. Lilitoka kwenye ghala lililobomolewa, na misumari ya zamani iliacha matundu. Bibie alikuwa akipanda kitandani na kipande cha sabuni ya mche, akiyaziba kabla Shabani hajarudi kutoka dukani. Mvua ikiyeyusha sabuni, anaziba tena. Shabani hakuwahi kuona hata tone.

“Bwana,” alisema Bibie, “hilo bati, kabla hajapigilia...”

“Bati nalo limekukosea nini?”

“Lina...”

“Wivu wa mke mwenzio umekushinda, sasa umehamia kwa bati?”

Sabrina alicheka mpaka akashika mbavu. Andrea naye akacheka kidogo, kumridhisha mwenye kazi.

“Neno moja tu jingine,” alisema Shabani, “utalimalizia kwenu.”

Bibie akarudi kwenye godoro lililopasuliwa. Alimpa Andrea pamba konzi kwa konzi, mpaka bodi ya mwisho ikafunika tundu la mwisho. Jioni alihamia stoo na mkeka.

Joto lilipungua kweli. Sabrina aliwaita majirani waje wahisi.

Mvua zilianza Desemba. Siku moja Bibie, akifagia chumba cha Sabrina, aliona doa la njano kwenye dari. Alimaliza kufagia, akatoka.

Doa lilipanuka. Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, Shabani alikuwa amejinyoosha kitandani kwa Sabrina. Bodi mbili zilikatika na kumwangukia pamoja na pamba iliyolowa chapachapa. Mfupa wa bega ulivunjika.

Kesho yake Andrea alikuja kubomoa zilizobaki. Alipapasa tundu moja, akanusa kidole.

“Mzee, huku kulikuwa na sabuni.”

Shabani, mkono umefungwa shingoni kwa kanga, akamgeukia Bibie. “Ulijua?”

“Nilijua. Nilianza kukwambia ukanikataza. Hawa walikuwepo.”

“Alisema?”

“Mimi sikusikia neno,” alisema Sabrina.

“Fundi?”

“Mimi nilikuwa juu, mzee. Nyundo mkononi.”

Nyundo ilikuwa bado mfukoni wakati ule. Bibie alimtazama Andrea. Andrea akaendelea kung'oa misumari.

Shabani akamtamkia mke wake mkubwa talaka papo hapo. Bibie aliomba pamba yake. Sabrina akamwonyesha uani, ilikotupwa kwenye tope.

“Izoe, dada.”

Bibie akaondoka na mkeka. Alasiri mvua ilirudi, na maji yakaanza kudondoka juu ya godoro la sponji. Sabrina alivunja kipande cha sabuni ya mche, akapanda kitandani, akaanza kuziba.