Magego Mawili Kwenye Kitambaa

Chepkirui alikuwa amebakiza gego moja tu la kutegemewa, na Daktari Hiram alitaka kuling'oa nalo.

Hakulikagua hata dakika mbili. Alimulika, akaguna, akarudia yale yale ya mwaka juzi na mwaka jana: meno ya watu waliokulia maji ya kisima ni ya kahawia, hayashiki dawa, na kujaza tundu kubwa namna hii ni kupoteza wakati. Kisha akaichukua sindano ya ganzi kana kwamba mambo yamekwisha. Chepkirui akafunga mdomo, akateremka kwenye kiti na karatasi ya kifuani bado inaning'inia.

Alizaliwa Njoro, akanywa maji yaliyokuwapo. Nani huchagua maji ya kunywa akiwa na miaka mitatu? Tangu utotoni alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na alipokuwa mwalimu aliandika ubaoni muda mrefu kuliko wenzake ili awape watoto mgongo. Aibu hiyo aliizoea. Lakini kuishi bila kutafuna, hilo lilimkaa kooni. Upande wa kulia alikuwa na mapengo mawili, kazi ya huyo huyo Hiram. Likiondoka na hili la kushoto, mahindi ya kuchoma angeyaonea kwa wenzake. Angekunywa uji kama kikongwe, na umri wake ni miaka arobaini na miwili.

Mwalimu mwenzake alimwelekeza kwa Najwa, daktari wa meno kijana mwenye chumba kidogo karibu na soko. Najwa hakuwa na haraka. Aligonga, akapiga picha, akapima kuta za jino kwa kijichuma. Rangi si kuoza, alisema. Uozo ulikuwa katikati tu. Ni kweli tundu lilikuwa kubwa, na dawa peke yake ingeliacha jino lipasuke siku moja, ila kuta tatu zilikuwa bado zimesimama. Angetandika nyuzi ndani zishikane na kuta hizo, ndipo aweke dawa juu yake.

Akamwonyesha utepe mweupe wa nyuzi, mwembamba, usiozidi upana wa kucha. Chepkirui akamkumbuka nyanya yake akikanyaga udongo wa kukandika nyumba. Udongo mtupu hupasuka ukikauka, kwa hiyo nyanya aliuchanganya na mabua ya ngano. Kumbe jambo lenyewe ni hilo? Nyanya asiyejua kusoma alilijua, na mtu mwenye cheti ukutani hakulijua? Au alilijua akaona uvivu? Hasira zilimpanda hadi masikioni.

Kazi ilichukua zaidi ya saa nzima: kusafisha, kulaza nyuzi, kumulika taa ya buluu, kujaza kidogo kidogo, kumulika tena. Mwishowe jino likakutana na lile la juu vizuri.

Hapo Chepkirui akafungua mkoba. Nyanya alimfundisha kwamba kitu kilichotoka mwilini mwako hakiachwi mikononi mwa mgeni, na kila Hiram alipong'oa, yeye alidai jino lake huku Hiram akimcheka. Akafungua fundo la kitambaa lenye yale magego mawili.

"Daktari, na hizi? Hizi pia hazingeshika dawa?"

Najwa aliyageuza chini ya taa, moja baada ya jingine.

"Hii moja, sikudanganyi, ilikuwa imepasuka mpaka kwa mzizi. Lakini hii ingine ina katundu kama punje ya wimbi. Hii haikuhitaji hata nyuzi, mama."

Chepkirui alirudi kwa Hiram shavu likiwa bado na ganzi. Kwenye benchi watu watano walikuwa wakingoja, na mmoja wao, mwanamke wa makamo, alimwamkia akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hiram alipotokea mlangoni, Chepkirui alimnyooshea lile jino lenye katundu. Hiram akasema wagonjwa ni wengi, hawezi kukumbuka jino la kila mtu.

"Basi hawa watakumbuka," Chepkirui akasema.

Akaligeukia benchi, mdomo wazi, meno yake ya kahawia nje yote.

"Hii ilikuwa nzima. Aliitoa sababu ya rangi tu. Kabla hajawadunga sindano, mwambieni ahesabu kwanza kuta za jino."

Akaliweka jino kwenye kiganja cha yule mwanamke, ambaye ilibidi autoe mkono mdomoni ili alipokee. Chepkirui akaondoka, jino lake akaliacha mikononi mwa wageni.