Kole ya Muhogo

Mwanga wa Bukavu huja mara mbili, Colette. Mara ya kwanza hutoka juu, kama kila mahali. Kisha huanguka ziwani, hunawa uso, hupanda tena mlimani ukiwa bado na maji, na kuingia madirishani kutoka chini, kama mgeni anayeinama mlangoni.

Darasa lako lilikuwa la mwanga huo wa pili. Mwanga ulitetemeka juu ya vichwa vya watoto, ukacheza katika vumbi la chaki, nawe ulisimama katikati yake na kile kifimbo cha kuonyeshea herufi, ambacho hakikuwahi kumgusa mtoto. Mimi nilipita njia ya chini na kikapu changu, nikasimama kidogo, nikajifanya napumzika. Sauti zao zilishuka mpaka kwangu.

Colette analeta maji. Colette anampa baba maji. Baba anasema: aksanti, Colette.

Unajua jina lako lilitoka wapi. Nakuambia tena kwa sababu wa kuambiwa hayupo.

Kule Mudaka masista walikuwa wamefungua darasa la akina mama, baada ya misa. Nilikuwa na mimba yako. Tumbo liligusa meza, kitabu kikakaa juu ya tumbo. Herufi zilikuwa wadudu tu, zilitembea, zilinikimbia. Halafu asubuhi moja wadudu wakasimama. Wakawa msichana mwenye mtungi kichwani, wakawa jina lake, na jicho langu likalisoma lenyewe bila kidole cha sista. Nikasema moyoni: nikizaa msichana, nitazaa neno hili.

Nilikuzaa. Ulilia kwa sauti kubwa, kama mtu anayesomwa kwa mara ya kwanza.

Na ulipokua ukawa mwalimu, na shule ikakupa kufundishia kitabu kile kile. Nani mwingine Bukavu nzima aliyeingia kazini kila asubuhi akasikia darasa zima likimwita kwa jina, likimshukuru kwa maji?

Halafu ukaja mwaka wa kuvua majina. Walisema majina ya ubatizo ni nguo za mzungu. Nchi ilivua lake, mto ukavua lake, na sisi tukafuata, kila mtu akitafuta jina la babu yake chini ya sanduku. Ofisini wakakuandika Nsimire, jina la mama yangu, jina lenye shukrani ndani yake. Sikulichukia. Nani atachukia jina la mama yake? Lakini hata blanketi nzuri, mtu akikukandamiza nayo usoni, haikupi joto.

Nje nilikuita Nsimire. Ndani, mlango ukishafungwa, nilikuita Colette, polepole, kama mtu anayemimina maziwa asiyamwage.

Miaka haikupita mingi, misalaba ikashushwa kutoka kuta za shule. Picha ya Kiongozi ikapanda kwenye msumari ule ule. Na nyuma ya picha ikaja amri ya vitabu: kila jina la ubatizo, kila sala, jina la zamani la nchi, vifunikwe kwa karatasi mpaka vitabu vipya vifike kutoka Kinshasa. Vitabu vipya havikufika.

Uliviweka vile vya zamani juu ya meza yangu. Kole ya dukani, gundi ya kubandikia, haikuwepo. Ulichukua unga wa muhogo, maji, moto, ukakoroga kwenye sufuria yangu ya uji mpaka ikavutika. Ukakata vipande vya karatasi, ukaandika juu ya kila kimoja Nsimire, kwa mwandiko wako wa duara, ukabandika.

"Mama, angalia," ulisema. "Leo najizika miye mwenyewe, na sina hata mutu wa kulia."

"Niko hapa. Nitalia."

"Ngojea basi nimalize kubandika."

Tulicheka, Colette. Nakumbuka tulicheka, na mtoto wako Noëlla akaamka mkekani akauliza tunacheka nini.

Nsimire analeta maji, walisoma watoto. Nsimire anampa baba maji. Sauti zilishuka mpaka njia ya chini, nikasimama na kikapu changu, sikujua nimpokee nani.

Kisha ikaja ile nyingine, isiyotajwa jina. Maduka ya wageni yalikuwa yamepewa wakubwa, na rafu zikabaki na vumbi. Mshahara wa walimu ulipotea njiani. Unga ulipanda bei kama moshi unavyopanda, bila kushikika. Watoto walikuja shuleni na tumbo tupu, wakalaza mashavu juu ya meza. Na neno njaa halikuandikwa popote. Halikuhitaji kubandikiwa karatasi. Lilikuwa limefunikwa kabla ya kuandikwa. Muuguzi mmoja alilisema sokoni, kwamba watoto wanavimba miguu kwa njaa, na watu wa serikali wakamwuliza nani aliyemtuma.

Kulikuwa na Eulalie, mtoto wa mama mchoma makaa, mwembamba kama herufi i. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ukingo wa karatasi una ladha ya bugali.

Aliramba. Karatasi ikalegea, ikamfuata ulimi, akaimeza. Na chini yake, safi, limeoshwa, jina. Akalisoma kwa sauti, kama mtoto yeyote anayependa kusoma vizuri: Colette analeta maji. Darasa likacheka. Kisha kila kichwa kikainama juu ya kitabu chake.

Ulirudi nyumbani ukasimama mlangoni hata viatu hujavua.

"Mama, batoto banakula kitabu."

"Banakula nini?"

"Kole. Banaramba kole. Jina yangu inatoka, na banaisoma."

"Bandika tena, mwanangu. Kama inspecteur anakuja?"

"Nilibandika. Baliramba tena." Ulikaa chini ukashika kichwa. "Mama, nibaambie nini? Nibakatalie kula?"

Tangu siku ile ulipika kole nzito zaidi, ukatia chumvi kidogo. Ulichota unga kutoka sehemu yako ya chakula, si yangu, si ya Noëlla. Nilikuona, nikakumegea kutoka yangu ukajifanya hukuona. Kila siku ulibandika, kila siku waliramba. Serikali iliagiza kubandika, nawe ulibandika. Hakuna mwalimu aliyetii amri ile kama wewe.

Na kila asubuhi, kabla ya kole kukauka, jina lilipumua kidogo. Colette analeta maji.

Inspecteur, mkaguzi wa shule, alikuja bila kutangaza, na wenzake wawili wenye abacost mpya, zile koti za Kiongozi zisizo na tai. Noëlla alikuwa kwenye benchi la tatu. Yote ninayojua nayajua kwa mdomo wake.

Alichukua kitabu cha kwanza. Akachukua cha pili. Akakiinua, akakuita raia, kama amri ilivyotaka.

"Citoyenne, hii ni nini?"

"Ni kitabu, citoyen inspecteur."

"Naona ni kitabu. Jina ya nani hii iko inatuchekelea hapa? Karatasi iko wapi?"

Ulikiweka kifimbo mezani.

"Ao ni panya balikula?" Wenzake wakacheka. "Eh, panya ya Bukavu ilisoma! Inachagua majina ya kizungu tu, Nsimire yake inaitema."

Watoto wengine walicheka pia, kwa kuwa mkubwa akicheka mtoto hucheka. Eulalie hakucheka. Alianza kuinuka kwenye benchi, mdomo wazi, kidole juu, kama ulivyowafundisha kuomba neno. Noëlla anasema ulimwona. Anasema ulijibu haraka sana, kabla kidole hakijafika juu.

"Ni miye. Nilizitoa miye."

"Kwa sababu gani?"

"Nilitaka kuona jina yangu."

Basi. Ungesema watoto walikula, wangeuliza kwa nini. Ungesema kwa nini, neno lile lingesimama chumbani chini ya ile picha, na mama mchoma makaa angeulizwa nani aliyemtuma kuwa na mtoto mwenye njaa. Uliweka jina lako juu ya neno lile, mwanangu. Ulilibandika. Ukashika mkono wa yule aliyekushika, ukatoka naye, na mwanga, anasema Noëlla, uliendelea kucheza juu ya dari kana kwamba mwalimu bado yupo.

Nilikwenda ofisini, kule walikokupeleka. Nilikwenda tena. Nilikaa chini ya ukingo wa bati na mvua ikaninyeshea magoti. Kulikuwa na askari mmoja wa zamu pale, kijana. Alileta kiti chake, akakiweka nyuma yangu, akasimama yeye. Nilikaa juu ya kiti kile mchana mzima. Nakisema hapa ili kisipotee.

Waliponiingiza, nilimwambia yule bwana wa mezani: "Mutoto yangu hakutoa karatasi. Batoto ndio balizikula. Kole ilikuwa ya muhogo, na batoto beko na njala."

Aliweka kalamu chini.

"Maman, hiyo neno ya mwisho sikuisikia."

"Njala."

"Sijaisikia bado, maman. Na weye hukuisema." Aliangalia mlango. "Rudi kwako. Chunga mujukuu."

Alisema kwa sauti ya chini. Nimeigeuza sauti ile mara nyingi, kama mtu anayegeuza kiazi kwenye majivu. Siku nyingine naona huruma ndani yake. Siku nyingine naona majivu tu.

Yule askari alinisindikiza mpaka barabarani, amenishika kiwiko kama mtoto wangu. Pale ambapo hakuna sikio, aliinama.

"Mama, miye ni Venant," alisema. Alinipa jina lake la ubatizo jinsi mtu anavyokupa kipande cha mkate chini ya nguo. "Balimupakia kwenye camion ya asubuhi. Ilishika njia ya Kavumu. Balisema Bunyakiri. Kisha sijui, mama. Unisamehe, sijui."

Nilikwenda Bunyakiri. Walinielekeza Hombo. Hombo walinionyesha msitu.

Niliita jina lako pale ukingoni. Nililiita lile la ndani, kwa sauti ya nje. Ndege waliruka, basi. Mwanamke mmoja mwuza ndizi alikuja akanishika mkono, hakuuliza ni nani, akanipa mbili nikale njiani. Njia ilikuwa ndefu, nikazileta mpaka nyumbani, Noëlla akala.

Colette analeta maji. Nimeisema njiani kwa kila hatua, kama wengine wanavyosema rozari. Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, anajua kama aliisikia.

Shule ilipata mwalimu mwingine. Si mtu mbaya. Aliniamkia barabarani, akatazama viatu vyake. Aliletewa kole ndani ya bidoni, imekwisha kupikwa, kutoka ofisini.

Noëlla alirudi nyumbani ameshika mikono mbali na gauni lake.

"Koko," aliniita mimi bibi yake, "kole ya sasa inanuka taa."

"Inanuka taa namna gani?"

"Baliweka petroli ya taa ndani. Eulalie aliramba, akatapika. Mwalimu anasema hakuna kuramba tena."

Nilikaa chini palepale, kwenye kizingiti.

Basi walikuwa wamesikia. Yule asiyesikia alikuwa amesikia. Neno langu lilitoka juu ya meza yake, likapanda ngazi, likapita ofisi kwa ofisi, likafika kwa mtu ambaye alilifikiria vizuri, na jibu likashuka. Halikuwa unga. Halikuwa maziwa wala mshahara wa mwalimu. Jibu lilikuwa petroli, ili njaa ya mtoto isifunue jina la mtu.

Siku iliyofuata nilichemsha kiazi kwa ajili ya Eulalie, nikapanda mlima. Nilisimama mlangoni, nyuma ya migongo yao. Ilikuwa saa ya mwanga wa pili. Watoto walikuwa wamesimamisha vitabu mbali na pua zao kwa ajili ya harufu, wameelekeza kurasa dirishani, na mimi niliona kitu, Colette, ambacho yule mtu wa ofisini hakukifikiria.

Petroli ilikuwa imeloweka karatasi, na karatasi iliyolowa haifichi. Mwanga ulikuja kutoka ziwani, ukapita ndani ya kurasa, na chini ya kila Nsimire ulikuwepo wewe, herufi kubwa za kitabu cha wadogo, umefifia, kama mtu anayesimama nyuma ya pazia na taa iko nyuma yake. Kitabu kwa kitabu. Benchi kwa benchi. Ulikuwa umejaa darasani.

Waliona. Niliona shingo zao zikiona.

Eulalie alipitisha kidole chini ya jina. Mdomo wake ukajikunja kwa herufi ya kwanza. Mimi nilishika fremu ya mlango.

"Soma," alisema mwalimu.

Eulalie aliangalia picha ukutani. Aliangalia mahali uliposimama siku ile.

"Nsimire analeta maji," alisoma.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Wote."

Na wote wakasoma, vizuri, bila kukosea, bila kucheka.

Nilimpa kiazi chake baadaye, kwenye uwanja. Alikipokea kwa mikono miwili, akaniambia aksanti, Koko, akala akinipa mgongo. Sikumwuliza kitu. Mtoto mwenye njaa asiulizwe.

Petroli hukauka. Nilipopanda tena karatasi zilikuwa nyeupe, ngumu, zimekaza kama ngozi juu ya ngoma. Mwanga bado huja mara mbili, mwanangu. Huanguka ziwani, hunawa, hupanda mlima wote ule, huinama dirishani na kuingia. Unafika kwenye ukurasa. Unasimama juu ya karatasi nyeupe, na watoto wanakunja macho kwa kuwa unawaumiza, na kila mmoja, taratibu, anafunika kitabu chake kwa kivuli cha kichwa chake.