Mikono Mitupu kwa Mgonjwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia maharage, Anatoli alimfungua mkewe bendeji, akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukifunga upya. Marsiana alikuwa amekatwa titi lenye saratani katika hospitali ya mbali, kisha akachomwa sindano zilizompukutisha nywele na kumwachia mwili usioweza kupigana hata na mafua. Daktari alisema arudi kwa sindano zilizobaki kidonda kikishakauka. Kidonda hakikukauka.

Si kwamba dawa zilikosekana. Tangu kambi ya wakimbizi ya Lukole ifunguliwe, kijiji kizima cha Ntobeye kilinunua sokoni vidonge vya rangi mbili vilivyotoka huko, kimoja kimoja, kama pipi. Mtu alimeza mpaka homa ipungue, vilivyobaki akavifunga kwenye karatasi. Zamani ulikwenda kwa mgonjwa na ndizi. Siku hizi ulikwenda na vidonge, na nani angethubutu kwenda mikono mitupu? Jirani yao Josefina alileta viwili. Desderius wa kigangoni alileta vitatu na sala ndefu kuliko ugonjwa wenyewe. Vingine Anatoli alivifungua akanyunyiza unga wake kidondani, vingine akamnywesha mkewe, na alishukuru kwa moyo wote, maana watu walikuwa wamejinyima.

Jumanne moja alipofungua bendeji, aliwakuta wadudu wa kidonda wamekaa ukingoni, wadogo kama ulezi, wanamsubiri.

"Shikamoo, mzee Anatoli."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

"Salama."

Akawanyunyizia unga wa Josefina. Wakaula wote, wakajipangusa midomo.

"Hii tunaijua," alisema mkubwa wao kwa adabu. "Tuliionja kifuani kwa mjukuu wa Josefina alipokohoa. Alipopata nafuu mkaikatiza, sisi bado wazima. Ile ya Desderius tuliizoea kwenye jipu lake. Mnatulisha tu, mzee."

Marsiana, aliyekuwa ameegemea ukuta, aliwauliza kama kuna dawa wasiyoijua.

"Ipo, mama. Ya sindano. Huku haijafika."

Anatoli akapanda baiskeli hadi zahanati kumuuliza nesi Joyness. Joyness alisikiliza huku akikunja shashi. Wadudu wa vidonda vya wodini kwake walikuwa wakimsalimia tangu masika.

"Wamesema kweli," alijibu. "Haijafika." Akampa vya rangi mbili, maana ndivyo alivyokuwa navyo.

Marsiana alikufa kabla ya Krismasi, na si kwa saratani. Hilo lilimuuma Anatoli kuliko yote. Walivumilia kisu, walivumilia sindano na safari za lori, kisha kidonda kikamchukua. Waliokuja kwenye matanga walilia kweli, wakala, wakarudi makwao, na soko likaendelea kuuza kimoja kimoja.

Baada ya Pasaka mjukuu wa Josefina alishikwa tena na kikohozi. Anatoli alisimama mbele ya kopo lenye vidonge vilivyobaki vya Marsiana. Alikumbuka kila neno aliloambiwa. Lakini ndizi zake zilikuwa hazijakomaa, na Josefina hakuwahi kuja kwake mikono mitupu. Alikuwa amechoka. Akafunga viwili kwenye karatasi, akaenda.

Mtoto alikuwa amelala mkekani, anahema kwa shida. Josefina alivipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Ndipo kifuani kwa mtoto wakasikika, wengi kwa pamoja:

"Shikamoo, mzee Anatoli."

"Marahaba," akajibu, akaketi, akaomba maji ya kumnywesha mtoto.